Hoja ya Gauni la Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi zimebaki. Alhamisi ya wiki ijayo nitapimwa, na daktari ataamua kama figo yangu moja inaweza kuhamia kwa mdogo wangu. Ndugu wote tulitoa damu. Anayelingana naye ni mimi peke yangu. Ninaliandika hili bila majivuno. Au kwa majivuno kidogo.

Hospitali wamenipa karatasi ya maelekezo. Mtoaji asiwe na sukari iliyopanda, wala mafuta mengi kiunoni. Nimeisoma mara tatu, kalamu mkononi, kwa sababu kazi yangu ni kusoma prufu za vitabu vya sayansi vya shule na siwezi kusoma vinginevyo. Koma moja imewekwa pasipo mahali pake. Imenipunguzia imani na karatasi nzima.

Kinachonitia wasiwasi ni chai. Vijiko vitano kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku. Hata hivyo, ninao ushahidi wa kunitetea. Gauni la buluu ambalo wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, alinishonea miaka sita iliyopita bado linanikaa kama siku ya kwanza. Wifi ni fundi cherehani na hakosei. Gauni ni lilelile, kiuno kinaingia, basi kiuno hakijabadilika. Kama kiuno hakijabadilika, sukari haijanidhuru. Nimeipa jina: Hoja ya Gauni.

Nakiri kwamba gauni moja ni sampuli ndogo. Nakiri pia kwamba nguo zangu nyingine zote hazifungi. Lakini hizo ni za dukani, na viwanda siku hizi havina uaminifu.

Kikombe cha tano nimekinywa kwa amani.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Nimewekewa mezani prufu ya Sura ya Saba: "Homoni na Mafuta ya Mwili". Kana kwamba kuna mtu ananitania.

Mwandishi wake ni mwalimu mstaafu anayeandika kama anagonga meza. Sukari nyingi ikiingia kwenye damu, anasema, kongosho humwaga insulini. Insulini huifungulia sukari milango ya chembe za mwili. Inayozidi, ini huigeuza kuwa mafuta. Na maadamu insulini iko juu, mafuta yaliyokwisha kuwekwa akiba hayapewi ruhusa ya kutoka. Miaka ikipita, chembe huchoka na hodi za kila saa. Haziitikii tena. Kongosho likadhani halijasikika, likamwaga insulini zaidi, na tumbo likaendelea kupokea.

Sikuona kosa katika mantiki. Nilichokiona ni uhakika uliopitiliza. Nimeongeza "huenda" mahali panne. Nimeongeza "kwa baadhi ya watu" mahali patatu. "Husababisha" nimeifanya "imehusishwa na". Kufikia adhuhuri Sura ya Saba ilikuwa haimtuhumu mtu yeyote.

Nikafungua pakiti ya biskuti. Nilikusudia mbili. Pakiti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Hitimisho hilo nimelifikia baada ya kuimaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewatembelea. Mdogo wangu ni fundi saa, na siku ambazo haendi kwenye mashine ya kusafisha damu hukaa dirishani na lenzi jichoni. Mkono wa kushoto, wenye mshipa waliomtengenezea kwa ajili ya sindano, anaulaza mezani kama kifaa cha mteja. Amekonda. Uso wake una rangi ya bahasha kuukuu.

Utani hajauacha. Anaiita mashine ile mke wake wa pili: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muda wa saa nne kila zamu, na bi mkubwa hana wivu kwa sababu ratiba anaijua. Wifi alijibu, sindano kinywani, kwamba mke mwenzie huyo angekuwa anafua mashuka angemkaribisha nyumbani kabisa.

Kisha akaniletea chai isiyo na sukari, bila kuniuliza. Ilikuwa na ladha ya maji yaliyosimuliwa habari za majani ya chai. Nikatafuta kopo la sukari kwa macho. Nililiona ndani ya sanduku la vifungo. Nikauliza kwa adabu kama ningeweza kupata kidogo. Wifi akasema ile ni ya wageni. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mgeni.

"Wewe si mgeni, wifi," akasema. "Wewe ni figo."

Mdogo wangu alicheka hadi lenzi ikamdondoka. Mimi niliona maneno hayo yamekosa staha.

Wifi akavua tepu shingoni, akaniambia nisimame anipime kiuno, tujue tuko wapi kabla ya hospitali kutuambia. Nikamjibu kwamba hakuna haja. Nikamweleza Hoja ya Gauni, hatua kwa hatua. Akakata kwa meno uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Nilichukulia kwamba nimemshinda.

Njiani nimepanga mkakati. Kipimo cha sukari huchukuliwa asubuhi kabla ya kula. Nikijizuia Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Alhamisi damu itakuwa safi. Basi hadi Jumapili sina sababu ya kujinyima. Haki ni kuagana vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Mchoraji wetu, anayekaa meza inayotazamana na yangu, ni mwembamba kama penseli zake. Anatia vijiko sita. Haongezeki hata uzito wa kivuli. Kama kongosho lina haki, sijaiona.

Leo ameleta Mchoro 7.3: mwanamke ametazama pembeni, tumbo limepasuliwa ili wanafunzi waone mafuta yalivyolizunguka ini na utumbo. Gauni lake ni la kola ya mviringo, vifungo vitano kifuani. Gauni langu la buluu lina kola ya mviringo na vifungo vitano kifuani. Nikamuuliza umbo hilo kalipata wapi. Akasema amelibuni. Nikamuuliza kama ubunifu wake huvaa miwani yenye kamba kama yangu. Akaahidi kuifuta kamba.

Kamba tu.

Alasiri Mkuu wa Uhariri alinirudishia sura yangu. Alikuwa amezihesabu "huenda" zote. Zilikuwa kumi na tisa. Sikumbuki kuziweka zote. Aliinua ukurasa mbele ya ofisi nzima.

"Dada," akasema, "kongosho halina huenda."

Nimeamriwa nizitoe. Nimetoa kumi na saba. Mbili nimezihamishia kwenye tanbihi, mahali ambapo hakuna anayefika.

Jumapili, 9 Machi

Kuagana kumechukua siku nzima. Jamu, kwa kijiko. Soda mbili. Keki iliyobaki ofisini, niliyoichukua ili isitupwe. Kopo la maziwa mazito ya sukari nililoficha nyuma ya kamusi, mahali ambapo kwa kawaida sifichi kitu kwa sababu napajua.

Wifi alibisha hodi nikiwa na kijiko kinywani. Alitazama kopo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaniambia kwamba Ijumaa sindano ilikosa mshipa mara tatu. Mume wake hakulia. Aliomba tu wapumzike kidogo, kisha akauliza saa ngapi, kana kwamba yeye si fundi saa.

Alipotoka nilikaa muda mrefu bila kugusa kopo. Dakika ishirini, kwa uchache. Ni kweli kwamba baadaye nililigusa, lakini dakika ishirini si kitu cha kupuuzwa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza bila sukari. Kichwa kinapasuka. Nimemfokea Mchoraji kwa kunoa penseli.

Sura ya Saba, ukurasa wa tatu: mafuta ya mwili yenyewe hutoa homoni, leptini, kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Mafuta yakizidi, leptini huzidi, na ubongo huacha kuisikia. Mtu anakuwa na akiba ya miezi na njaa ya mtu aliyepotea nyikani. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimemaliza chakula cha mchana cha watu wawili. Nimeona inanihusu. Kisha nikajiuliza kama kila msomaji wa kitabu cha tiba hajioni mgonjwa. Swali zuri. Halikunipunguzia njaa.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tatu. Nimeshinda! Chai kavu isiyo na sukari, mboga, maji.

Kwa ukamilifu wa kumbukumbu: nilikuwa na kikohozi, nikanywa dawa ya maji ya kikohozi. Vijiko vinne. Chupani imeandikwa kwamba ina sukari, lakini dawa haihesabiwi kuwa chakula. Kikohozi kilikuwa chepesi, nusu ya kujitakia. Jana pia nilikuwa nacho.

Mdogo wangu amenipigia simu akiwa kwenye mashine. Sauti yake ilikuwa ya mbali. Alisema amemwambia mke wake wa pili kwamba talaka iko njiani, na huyo amejibu kwa mlio mmoja tu. Halafu akaniambia taratibu kwamba nikiogopa kukatwa, niseme, hatanilaumu. Nikamwambia siogopi. Na ni kweli. Sijawahi kuogopa kisu. Kumpa figo naweza. Kuacha vijiko vitano ndiko kunakonishinda, na sijui mtu anayeweza kuwaeleza watu jambo kama hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimevaa gauni la buluu.

Muuguzi alianza na kiuno. Sentimita mia moja na nne. Nikamwambia tepu yake imevutika. Akaenda kuchukua nyingine, mpya, ikiwa bado ndani ya karatasi. Mia moja na tano. Nikamweleza kuhusu gauni, umri wake, aliyelishona. Alinisikiliza kwa upole wanaoutumia kwa wazee.

Sukari ya kabla ya kula: ndani ya mpaka, kwa kujibana. Niliketi nimenyoosha mgongo. Mkakati umefaulu, nikawaza.

Daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu kama ningekuwa na binti, akafungua karatasi ya pili. Sikujua kuna karatasi ya pili. Akaeleza kwamba sukari ya kwenye damu hugandama kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban miezi mitatu. Kwa hiyo wanaweza kusoma nilivyoishi tangu mwaka ulipoanza. Siku tatu hazikufuta kitu. Kila kijiko kimeandikwa. Miaka yote hii nimejiona mtu wa kumbukumbu, kumbe damu yangu inaandika shajara vizuri kuliko mimi, na bila "huenda" hata moja.

Kipimo hicho kimevuka mpaka. Ini nalo lina mafuta. Nikamuuliza kama matokeo yanaweza kutafsiriwa kwa namna nyingine. Nikamwomba angalau azingatie uwezekano.

"Mama," akasema, "nikikukata leo nitakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja."

Nirudi baada ya miezi mitatu. Hali yangu inaweza kurekebika, alisema, nikiamua. Wifi alikuwa amesimama kwenye korido. Alinitazama kiunoni, akageuka, akatangulia kwenye ngazi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelala na gauni mikononi. Asubuhi nililigeuza ndani nje, jambo ambalo kwa miaka sita sikuwahi kulifanya.

Kila upande, toka kwapani hadi nyonga, kuna kipande kilichoongezwa. Kando ya kipande, kipande kingine. Kando ya mishono, safu za matundu madogo ya sindano, mahali ambapo mishono ya zamani ilifumuliwa. Nilizihesabu safu. Tano.

Nikaenda kwenye chumba cha kushonea cha wifi. Mdogo wangu alikuwa hospitali, kwenye zamu yake. Nikaliweka gauni juu ya cherehani bila salamu. Wifi hakukana. Akatoa kwenye droo ya meza daftari lake la vipimo, akafungua ukurasa wangu. Kiuno: themanini na mbili. Imekatwa kwa mstari. Themanini na sita. Imekatwa. Themanini na tisa. Tisini na tatu. Tisini na nane. Kila mwaka alikuwa akilichukua gauni, mara kwa ajili ya zipu, mara kwa ajili ya kifungo. Namba ya mwisho ilikuwa na alama ya kukadiria kwa macho, kwa sababu tangu mwaka jana nilikuwa nikikataa kupimwa. Mia moja na tano.

Alisema kitambaa kilichobaki siku ile ya kwanza alikitunza kwa ajili hiyo. Alisema mara ya kwanza alifanya ili asiniaibishe kwenye sherehe. Kisha ikawa vigumu kuacha.

"Ulikuwa unafurahi kila ukilivaa, wifi. Ningeanzia wapi?" Akazikusanya pini moja moja kutoka mezani, ingawa hazikuwa zimemwagika. "Ningejua ninarefusha njia ya figo ya mume wangu, nisingekuongezea hata uzi."

Tulikaa. Nje mtu alikuwa akiita mteja wake, na wote wawili tukajifanya tunasikiliza.

Nyumbani nimeandika: "Kosa ni la wifi." Nimeikata. Nimeandika: "Kosa ni la wifi, kwa kiasi." Nimeiacha.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu ameambiwa. Alicheka sana, kicheko chembamba, mkono wake wa kushoto akiukumbatia kwa ule wa kulia. Alisema maisha yake yote ameshughulika na vitu vidogo vinavyopotea, skrubu na springi, lakini hakuwahi kufikiri kwamba figo inaweza kupotelea ndani ya mshono. Kisha akachoka ghafla, akalala pale pale kitini.

Wifi akanipeleka kando. Ameshona gauni jipya. Buluu ileile. Kiuno, sentimita tisini. Namba hiyo alimuuliza daktari mwenyewe. Akaligeuza ndani nje, akanionyesha: pindo limekatwa hadi ukingoni, ndani hakuna kitambaa cha kuongezea hata upana wa ukucha, na mabaki yote amewapa watu wajazie mito.

"Hili halifunguki," akasema. "Utaliingia wewe, au tutamzika nalo mwenzetu kabatini."

Sentensi hiyo kwa mtazamo wa uhariri ina matatizo. Nilielewa.

Nimelitundika nyuma ya mlango. Leo zipu imepanda hadi kiunoni na kukwama. Nimeweka alama ya chaki mahali ilipofika. Kila Jumapili nitajaribu. Kopo la maziwa mazito nimelitupa. Jamu nimempa jirani. Nimekunywa chai kavu, nikatazama dirishani, nikahisi kitu ambacho nadhani ni azimio.

Jumatano, 2 Aprili

Wiki mbili na nusu. Ninapaswa kuandika kwa uaminifu, kwa kuwa angalau shajara moja katika familia hii, ile ya damu yangu, imeonyesha njia.

Siku tisa za mwanzo zilikwenda vizuri. Siku ya kumi nilisoma zaidi. Kusoma ndiko kunakoniponza. Nimegundua kwamba kipimo kile cha miezi mitatu hakipimi miezi yote sawasawa: takriban nusu ya matokeo hutokana na mwezi wa mwisho. Mwezi wa kwanza una uzito mdogo. Sisemi hauna uzito. Ila mtu aliyesoma, mwenye muda mchache na nguvu kidogo, angezielekeza nguvu zake mahali zinapohesabiwa. Nikianza kwa dhati mwezi wa pili, au hata katikati yake, sitakuwa nimepoteza kitu kikubwa. Huenda.

Jamu nimeiomba jirani anirudishie. Alikuwa bado hajaifungua. Nilichukulia kuwa ni ishara, ingawa siamini ishara.

Adhuhuri mdogo wangu alipiga simu. Juzi wamehamishia sindano mkono wa kulia, ule wa kufanyia kazi, kwa sababu wa kushoto umekataa. Saa za wateja ziko mezani, zimesimama. Akauliza ninaendeleaje. Nikasema vizuri. Akasema ameijua sauti yangu tangu akiwa mtoto, halafu akasema:

"Mimi sina haraka, dada. Ni mishipa tu ndiyo yenye haraka."

Baada ya simu nilisimama mbele ya mlango. Si Jumapili, lakini nililivua gauni kwenye hanga, nikaliingia. Zipu ilipanda, ikakwama. Nikatazama kiooni. Imekwama vidole viwili chini ya alama ya chaki.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa, kwa utulivu na bila upendeleo. Kitambaa cha pamba hunywea kikifuliwa, hilo linajulikana. Ukweli ni kwamba gauni halijafuliwa bado. Hoja hiyo nitaishughulikia kesho.

Chai imepoa. Nimetia vijiko vitatu tu, na jamu nimeihesabu kuwa tunda.